Sista na Tarehe ya Boksi

Sista hakukupa kidonge kabla hujamsomea boksi. Ungeingia jikoni kwake umeshika kichwa, au mgongo umekukaza baada ya kukaa kwenye usukani mchana kutwa, naye angefungua lile kopo lake la biskuti, atoe boksi la dawa, akuwekee mkononi, kisha asimame mbele yako mikono kiunoni. "Soma mwisho wake." Nawe usome mwezi na mwaka kwa sauti, mtu mzima na ndevu zako. Ukinong'ona, alikurudisha mwanzo. Ukisema, "Iko sawa tu, Sista," alikunyang'anya boksi, ukarudi chumbani na kichwa chako kinachogonga.

Jina lake ninalo, ila sitaliandika. Alizaliwa wapi na ukoo gani pia nayaacha, maana hayo ni ya watu wake, na mimi nimeshawachukulia vya kutosha. Sisi tuliomjua tulimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya kaunti yetu, na kwetu muuguzi ni sista hata akiwa na wajukuu. Katika nyumba ya mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, tulikofanya kazi pamoja miaka sita, Madam, mama wa nyumba, alimpa jina jingine kabisa kwa kuwa lile la kwake lilimshinda kutamka. Mimi nilikuwa dereva wa nyumba hiyo. Yeye kwenye karatasi alikuwa mfanyakazi wa usafi, lakini kazi yake hasa ilikuwa Hajja, mama mzazi wa Baba mwenye nyumba, mzee wa watu aliyekuwa na sukari na miguu isiyomtii.

Niseme mapema kwamba naandika haya kwa aibu. Sizungumzii aibu ya kujikuna kisogo na kucheka. Hii yangu huja nikiwa taa nyekundu, gari limesimama, redio inaimba, ghafla nahisi masikio yamewaka moto.

Basi, Sista. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa haraka kuliko mwili wake. Mikono yake ilikuwa imechanika kwa jiki, na kila jioni aliipaka mafuta ya nazi aliyoagiza kwa watu wanaotoka likizo. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani akipiga pasi kanzu za Baba, polepole, midomo imefungwa, na Hajja, aliyekuwa Mwislamu wa sala tano, alimwambia asiache kwa sababu wimbo ule unamletea usingizi. Hajja alimpenda vibaya sana. Alikataa sindano yake ya asubuhi kutoka kwa mkono wowote mwingine, hata wa mwanawe. Siku moja Madam alijaribu kumdunga. Hajja alipiga kelele mpaka jirani akapiga simu.

Na huyu huyu Sista, aliyedunga watu maisha yake yote, alikuwa mwoga wa sindano kuliko mtoto. Tulipopelekwa kupimwa damu kwa ajili ya kuhuishiwa ikama, vile vibali vyetu vya kuishi, nilimkuta amekaa kwenye kiti cha zahanati amefumba macho, anatetemeka, anaomba Mungu kwa lugha ya mama yake. Nilimcheka njia nzima kurudi. "Cheka, Dere," akaniambia. "Mpishi gani umemwona akitaka kuingia chunguni?"

Alijaa mambo ya namna hiyo. Alituhubiria tusimeze dawa za kuua vijidudu bila daktari, kumbe chini ya godoro lake alikuwa na akiba yake. Alisema mgonjwa lazima apumzike, na mimi sikuwahi kumwona amelala mchana hata siku aliyokuwa na homa. Yeye mwenyewe akiumwa alikunywa maji ya moto na tangawizi, basi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema dawa ni za watu ambao hawana budi.

Yeye ndiye aliyenigundulia presha. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa jiko nikimweleza habari za mpira, akanitazama shingoni, akaniambia nikae. Akachukua ile mashine ya Hajja, akanifunga mkono. Hakusema tarakimu. Alisema tu, "Kesho umwombe Baba akupeleke kwa daktari, la sivyo nitamwomba mimi." Tangu siku hiyo akawa ndiye mtunza dawa zangu. Alisema wanaume huzitunza kama tiketi za bahati nasibu, mpaka zipotee. Kila Ijumaa aliniita nisome boksi, kisha akanihesabia vidonge saba kwenye bahasha ndogo. Miaka sita, kila Ijumaa, pamoja na zile Ijumaa ambazo sikustahili hata glasi ya maji kutoka kwake. Nitafika huko.

Alikuwa na nadharia yake kuhusu dawa, na ukimpa nafasi angekushikilia saa nzima. "Dawa ni kama sisi watu wa huku," alisema. "Ina jina la nyumbani na jina la kazini. Jina la nyumbani ndilo liko hapa, kwa herufi ndogo. Hili kubwa lenye rangi ni suti. Ukinunua kwa hili kubwa, umemlipia fundi wa suti." Alipenda jinsi maboksi ya Saudia yalivyopigwa chapa ya bei, mwenye duka asiweze kukuongezea yake. Alinionyesha boksi la dawa ya kifafa, bei imeandikwa ubavuni, akaniuliza kama najua kwetu boksi hilo hilo linauzwaje, likipatikana. Sikujua. Nilikuwa nimezoea kujua bei za mafuta ya gari na za tikiti za ndege. Yeye alijua za kifafa kwa sababu ya binti yake.

Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kama ishirini wakati huo, akiishi na mama yake mdogo kule nyumbani. Kifafa kilimwanza akiwa shuleni. Akipata vidonge vyake kila siku, ni msichana kama wengine, anashona, anabishana, anataka simu mpya. Akivikosa wiki moja, anaanguka. Na kwenye zahanati ambayo mama yake alihudumu miaka yote ile, vidonge vilikuwa vikija na kwenda kama mvua ya huko kwetu. Sista aliniambia hakuacha kazi kwa ajili ya mshahara, ingawa mshahara wenyewe ulikuwa wa kuchelewa. Aliacha siku alipomwambia binti yake mwenyewe, dirishani, kwenye foleni, "Dawa imeisha, njoo wiki ijayo." Alikata shauri aje Saudia, awe karibu na dawa.

Mwanzoni aliziokota huku na kuzituma mkono kwa mkono. Ukienda likizo, lazima ubebe vifurushi vya watu, hiyo ni sheria yetu isiyoandikwa. Lakini maduka ya dawa yalianza kudai karatasi ya daktari kwa kila kitu, na kifurushi kimoja kikatupwa kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege pamoja na viatu vya mtu. Akawa na wasiwasi usiokwisha. Kila mwisho wa mwezi nilijua kwa jinsi alivyofuta meza kama vidonge vya binti vimepatikana au la.

Kuna jambo moja la nyumba ile lazima nilieleze, maana ndipo kila kitu kilipokatikia. Wafanyakazi wa ndani hawakumwomba Baba ruhusa wenyewe. Baba ndiye aliyekuwa kafili wetu sote, mdhamini mwenye karatasi zetu. Madam ukimwomba chochote jibu ni mafi, hakuna, hata kabla hujamaliza. Baba alikuwa mtu wa kukubali, lakini mwanamke wa kazi kumwendea moja kwa moja haikuwa desturi. Kwa hiyo maombi yalipita kwa dereva. Mimi nilimngoja anywe kahawa yake baada ya alasiri, akiwa ameketi nyuma ya gari, roho imetulia, ndipo nimwambie fulani anaomba kwenda kutuma pesa, fulani anaomba kwenda kumwona nduguye. Tisa katika kumi alisema yalla, haya nendeni. Nilikuwa mlango wa watu wale, na niliupenda cheo hicho kuliko nilivyokiri.

Na kila mwaka tulihamia Jeddah kwa wiki kadhaa, kwa ndugu yake Baba. Wengine walipanda ndege. Hajja aliapa kwamba hatapanda kitu kisichogusa ardhi, kwa hiyo mimi, Hajja na Sista tulikwenda kwa gari, siku nzima jangwani. Sista alikaa nyuma na Hajja, na kazi yake ya njiani ilikuwa machungwa. Aliyamenya, akatoa mbegu, akanipitishia kipande kimoja kimoja kati ya viti ili nisisinzie. Hakuongea sana. Mkono wake tu ulikuja begani kwangu, na chungwa.

Sasa serikali ya kaunti. Mwaka ule kaunti yetu ilikuwa imechoka na madalali wa dawa. Waziri wa afya wa kaunti, mtu kijana kiasi, mwenye nia njema kabisa, alitangaza kwamba watanunua baadhi ya dawa moja kwa moja nje, mahali zinapouzwa rahisi, na kuzipeleka zahanati za vijijini: za presha, za sukari, za kifafa. Watu walicheka, maana serikali za kwetu zimetangaza mengi. Lakini yeye alipata vibali, akaja kweli, na watu wawili, kwenye maonyesho ya biashara Jeddah. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wana-kaunti walioko Saudia alikuwa ameandika wiki kadhaa kabla: nani hapo anajua Kiarabu, na nani anajua dawa?

Nilijibu kabla simu haijatulia mkononi. Niliandika kwamba Kiarabu ninacho, na mtaalamu wa dawa pia ninaye. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwema. Nilimwendea Sista jikoni nikamwambia, akakaa chini, yeye asiyekaa. Akafuta macho na ncha ya mtandio. Kwa wiki tatu aliandika kwenye daftari la shule la kurasa chache: jina la nyumbani la kila dawa, nguvu yake, wanaoihitaji, na maswali ya kuuliza. Swali la kwanza, kila ukurasa, lilikuwa moja. Tarehe. "Kuuliza si ujinga," alisema. "Na bei ikishuka bila kutoa jasho, Dere, uliza inakimbia nini."

Shida ilikuwa mimi. Kule kwetu mimi sikuwa dereva. Kwa miaka mingi nilikuwa nimepiga chuku kwamba mimi ni meneja wa usafirishaji wa kampuni. Nilikuwa na picha kadhaa, nimeegemea GMC ya Baba, miwani nyeusi, mkono mfukoni. Mke wangu aliamini, kanisa liliamini, michango ya harusi iliniamini zaidi. Kwenye kundi mtu mmoja akauliza: huyo mtaalamu wako yuko hospitali gani? Nikaandika, hospitali kubwa ya Riyadh. Vidole viliandika vyenyewe. Mheshimiwa waziri akajibu kwa furaha: njoo naye tumwone.

Ndipo nilipoanza kumwona Sista kwa macho ya wale wageni. Abaya yake iliyopauka mabegani. Mikono yake ya jiki. Na mdomo wake, ambao haukujua kusema uongo. Angekaa mbele ya waziri na kusema, mimi ni shagala, mtumishi wa ndani wa nyumba fulani, na huyu ndiye dereva wetu, kijana mzuri sana. Angesema kwa fahari.

Tukaenda Jeddah. Mkutano na mwenye ghala la dawa ukapangwa Jumanne, saa kumi jioni, mwendo wa dakika ishirini kutoka nyumba tuliyofikia. Sista alihitaji ruhusa ya saa tatu tu. Jumatatu, baada ya kahawa ya alasiri, Baba alikuwa nyuma ya gari, roho imetulia, anatazama bahari. Sikumuuliza. Nilimwomba gari la kesho yake, nikisema nakwenda kuliosha na kuwasalimia watu wa kwetu mtaa wa Bani Malik. Akasema yalla.

Sista alikuwa akinisubiri mlango wa nyuma, bado ameshika mwiko.

"Umemuuliza Baba?"

"Nimemuuliza."

"Amesemaje?"

"Amesema mafi. Anasema Hajja hawezi kubaki peke yake."

Hakulalamika. Ningependa kuandika kwamba alilalamika. Aliingia ndani, akarudi na daftari na maboksi matatu matupu ya dawa za Hajja, akaniweka kwenye kigoda cha jikoni akanifundisha kwa saa nzima, mimi nikiitikia kama kondoo. "Ukisahau yote haya," akasema mwishoni, "usisahau tarehe. Kutoka huku mpaka bandarini, na bandarini mpaka kijijini, unajua karatasi zetu zinavyotembea. Dawa lazima iwe na mwaka mzima mbele yake, zaidi kama wanaweza. Sema nikusikie." Nikasema.

Nilivaa suti ya kuazima. Nilimchukua Mheshimiwa na wenzake hotelini kwa GMC, nikawaambia ni gari la kampuni, na kwamba mtaalamu amebanwa na zamu ila amenielekeza yote. Daftari niliacha chini ya kiti. Lilikuwa na doa la mafuta kwenye jalada na picha ya mtoto anakwenda shule. Ningelifunguaje mbele ya watu wenye tarakilishi? Nilikuwa nimekariri bei, maana bei ndiyo inayomng'arisha mtu.

Mwenye ghala alikuwa mzee mpole, alitupa kahawa na tende. Mheshimiwa alinitambulisha: "Huyu ni meneja wetu, na mambo ya dawa anayajua pia." Kilemba cha ukoka, nami nikakivaa mpaka masikioni. Mwenye ghala akauliza kwa Kiarabu kama mimi ni daktari. Nikasema, karibu na hapo. Akataja bei. Nikaipinga. Akashuka. Nikasukuma tena, akashuka tena, kwa tabasamu, bila jasho. Mheshimiwa alinibana bega. Boksi la mfano lilikuwa mezani mbele yangu, limelazwa, ubavu wenye tarehe chini. Sikuhitaji hata kuuliza. Nilihitaji kuligeuza kwa kidole kimoja. Lakini mtu aliyetumwa na hospitali kubwa haangalii maboksi kama mama wa jikoni, ndivyo nilivyojiambia, na mkono ukabaki kwenye kikombe.

Mwenye ghala hakutudanganya. Hilo nataka lijulikane. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

Jioni ile Sista aliuliza, "Tarehe?" Nikasema ziko mbali kabisa. "Mwaka gani?" Nikamtajia mwaka. Akashusha pumzi, akanikatia kipande cha keki aliyompikia Madam.

Wiki iliyofuata tulirudi Riyadh kwa gari. Machungwa yalikuja begani kwangu kama siku zote. Ila safari hiyo aliongea. Karibu na Taif aliuliza, "Ulisoma boksi mwenyewe, Dere?" Nikasema ndiyo. Mbele, tulipotia mafuta, akaniambia, "Mheshimiwa bado hajatia sahihi. Mkumbushe asome kabla ya kutia." Nikasema nitamkumbusha. Na jua lilipokuwa linazama, Hajja amelala, akauliza tena kwa sauti ya chini, "Hakuna kitu unachotaka kuniambia?" Nikamwambia hapana, nimechoka tu. Akanipa chungwa.

Sikumkumbusha Mheshimiwa. Kumkumbusha kungekuwa kukiri kwamba sikutazama. Nilijipa moyo kwamba watu wa serikali wana watu wao wa kusoma. Nao, nilikuja kujua, walijipa moyo kwamba wana mtaalamu wao wa Riyadh.

Shehena ilifika. Karatasi zilitembea kama Sista alivyosema zinavyotembea. Dawa zilipofika stoo ya kaunti zilikuwa zimebakiza siku za kuhesabika, na mkaguzi akazikataa, akafanya kazi yake. Zikachomwa nyuma ya hospitali. Mtu aliweka picha kwenye kundi: moshi mweusi, maboksi, mlinzi ameziba pua. Mheshimiwa alifukuzwa kazi ndani ya wiki chache, mtu ambaye hakuwa ameiba chochote. Wale waliokuwa wakimpinga wakasema si tuliwaambia, na mpango wote wa kununua nje ukazikwa. Kwenye kundi nikaandika kwamba mwenye ghala alibadilisha mzigo. Watu wakanipa pole.

Sista aliitazama picha ile kwenye simu yangu kwa muda mrefu, akiikuza kwa vidole viwili, akitafuta maboksi.

"Ulisoma?" akauliza.

"Walibadilisha mzigo, Sista. Waarabu hawa."

Akanirudishia simu. Hajja alikuwa amekaa pale pale akila uji aliopikiwa na Sista, Mwarabu huyo.

Miezi michache baadaye simu ya nyumbani ilimkuta chumba cha kufulia. Zahanati ilikuwa haina vidonge tangu mwezi uliotangulia. Binti alikuwa akipika, akaanguka, mkono wa kulia ukaingia motoni, na hakuna aliyekuwa karibu kumvuta. Sista alisikiliza, akasema "asante kwa kunipigia," akakata. Kisha akapiga pasi kanzu zote za Baba, kumi na moja, bila kuimba. Nilisimama mlangoni na nikashindwa kuingia. Nilikuwa na neno moja la kusema, na lilikuwa zito kuliko mimi. Ijumaa ile ile aliniita, nikasoma boksi, akanihesabia vidonge saba.

Miaka ikapita kwa namna hiyo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwangu ilikuwa ndefu na ilipita jikoni kila Ijumaa.

Hajja alifariki mwaka jana. Sista alimwosha miguu asubuhi ile, akaniambia mzee wetu ameondoka, akalia mpaka Madam mwenyewe akamshika mkono. Baada ya hapo hakukuwa na kazi yake pale. Baba alimfanyia karatasi za kuondoka vizuri, na kwa kuwa ndege yake ilikuwa ya Jeddah, alikaa siku nne Bani Malik kwa wanawake wa kwetu waliopanga chumba. Nasi familia tulikuwa Jeddah wiki hiyo hiyo. Nilijua kwamba nikimwacha aondoke, nitakufa na kitu hiki.

Nikamngoja Baba anywe kahawa. Nikamwomba saa mbili nikamuage Sista. Alisema yalla kabla sijamaliza sentensi.

Ilikuwa ghorofa ya nne, lifti mbovu. Nilifika natweta. Wenzake walikuwa kazini; yeye alikuwa sakafuni akifunga sanduku kwa kamba. Aliniambia nikae kitandani, akanitazama shingoni kama zamani.

"Sista," nikasema, "ile siku ya ghala."

Aliendelea kufunga fundo. "Hukumuuliza Baba."

Nikamuuliza amejuaje.

"Asubuhi ya pili baada ya ghala," akasema, "Hajja alimgombeza Baba kwa nini ameninyima ruhusa. Baba akaapa hajaulizwa na mtu. Nilikuwa hapo, nimeshika bakuli."

"Kwa hiyo ulijua. Tukirudi Riyadh ulijua. Na ukanimenyea machungwa njia nzima."

"Ulikuwa umembeba Hajja. Ningekuacha usinzie?"

"Kwa nini hukunisema?"

Hapo ndipo alipoinua uso. Hakuwa na hasira. Ningepona upesi zaidi kama angekuwa nayo. "Nilikuuliza mara tatu humo njiani, Dere. Bado kulikuwa na nafasi, mtu alikuwa hajatia sahihi. Ulitaka nikuulize mara ngapi?"

Nikamwambia yote basi, suti, hospitali kubwa, daftari chini ya kiti, boksi lililolala mezani. Nililia pia, simwombi mtu anihurumie kwa hilo. Nikasema samahani. Yeye alisikiliza kama alivyosikiliza ile simu ya chumba cha kufulia. Nilipomaliza aliniambia, "Vidole viwili havikunjuki. Kushona hawezi tena. Ila siku hizi anafundisha wenzake kwa mdomo, unajua alivyo mbishi." Akacheka kidogo kwa ajili ya binti yake. Kuhusu samahani yangu hakusema kitu, na sikuwa na haki ya kungoja.

Niliposimama niende, alivuta kopo la biskuti kutoka kwenye mkoba wake wa mkononi. Akatoa boksi la dawa zangu za presha, zima, halijafunguliwa, la kunifikisha mpaka nimpate mtu mwingine wa kunitunzia. Akaniwekea mkononi.

Nililigeuza ubavu. Nilisafisha koo, nikatafuta ule mstari, mwezi na mwaka, nikafungua mdomo kusoma kwa sauti kama Ijumaa zote zile.

Sista alinikunja vidole juu ya boksi, taratibu, kama unavyomfunga mtoto kiganja.

"Weka tu mfukoni," akasema. "Nimeshalisoma mwenyewe."